Siku Baba Alipokula Samaki

Mjukuu wangu Amani, mume wangu wa utani,

Pokea salamu kutoka Saint Paul, huku Marekani. Theluji imefika dirishani. Shangazi yako Neema ni mzima. Hutoka alfajiri kwenda kuhudumia wazee wa watu, nami nabaki na saa ya ukutani mpaka jioni.

Umeniuliza Injili ilitokaje Yerusalemu ikawafikia watu wa mataifa. Majina ya miji mwulize mwalimu wako. Mimi nakumbuka samaki.

Nilikuwa msichana. Sisi wafugaji wa milimani tulikuwa hatuli samaki, tukimwita nyoka wa majini. Baba, mwinjilisti, alinichukua tukashuka hadi Ziwa Tanganyika. Alihubiri asubuhi nzima, watu wakimtazama tu. Mchana bibi mmoja akamwekea ugali na samaki mzima, macho yake yakiwapo. Baba alinawa, akala mpaka ikabaki miiba. Yule bibi akasogeza kigoda chake karibu naye, akauliza:

"Huyo Yesu wako, naye alikula samaki?"

"Alikula," baba akajibu, mdomo umejaa.

Wote wakacheka. Hapo ndipo walipoanza kumsikiliza.

Jirani yangu hapa ni mama mzee kutoka Laos. Hatuna lugha moja. Mara tatu ameniletea chakula chenye majani nisiyoyajua. Mara tatu nimeinamisha kichwa kushukuru, nikafunga mlango, nikamwaga. Halafu namlilia Mungu kwamba sina mtu.

Leo amekuja tena. Sahani iko hapa mezani, haijapoa. Naishia hapa, mume wangu. Nataka nivae koti, nibishe hodi kwake, tule wote.

Bibi yako