Mwanga Ninaotumia Hautibu Macho

Uingereza,
Novemba 1974

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama. Je, viazi vimenusurika na baridi ya Dundori mwaka huu? Mimi ni mzima wa mwili, lakini roho haijatulia tangu nisome barua ya dada yangu Wambui.

Ameniambia jicho la pili nalo limeingia ukungu, na kwamba sasa unakama ng'ombe kwa kupapasa. Tena daktari wa macho wa Nakuru alipotaka kukupasua, ulichukua kofia yako ukamwambia, "Wacha tu, daktari. Kijana yangu iko Ulaya, anasomea hiyo mwangaza ya kutengeneza macho. Mimi nitangoja yeye."

Baba, kosa ni langu. Niliwaandikia kwamba nafanya kazi na mwanga mkali uitwao leza, basi. Niliposikia mmenitangaza kanisani kuwa natibu macho, nikanyamaza. Nilipenda kuitwa daktari. Naona haya hata kuandika hivyo.

Kazi yangu ni hii. Tunachukua karatasi ya chuma, nyembamba kuliko ile inayong'aa ndani ya pakiti ya sigara. Tunaipiga kwa leza mara moja, muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Karatasi inaruka kama iliyopigwa teke, na mimi napima imekwenda kwa kasi gani kabla haijasambaratika. Kila pigo linamaliza karatasi moja, tunaweka nyingine. Sisi wenyewe tunavaa miwani maalum, maana mwanga ule ukikuingia jichoni unapofusha.

Sina dawa, Baba. Ukiendelea kuningoja utaingia gizani kwa ajili ya majivuno yangu, na sitajisamehe. Rudi kwa yule daktari wa Nakuru, yeye ndiye aliyesomea macho. Siku nitakayorudi nataka unione nikiwa bado kule barabarani, uniite kabla sijabisha hodi.

Nisalimie Mama, shangazi anayetuchekesha sote, na mzee wa kanisa aliyenitangaza. Mwambie ukweli, hata akinicheka.

Nawe Wambui unayemsomea, nakujua, huwa unaruka maneno yatakayomuumiza Baba. Leo usiruke hata moja.

Ni mimi mwanao, asiye daktari,
Njoroge