Damu Iliyobaki Kwenye Chujio

Nkuhungu, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua mdogo wangu Neema ndiye atakayekusomea, kwa hiyo Neema, soma polepole na usiruke mahali hata kama mama anakukatiza. Natumaini miguu imepoa na uwele umeota vizuri. Mimi nipo, napumua, leo nimekula ugali.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka nipande basi nirudi Chemba, niachane na mashine, na nije na ile damu yangu izikwe pale kilipozikwa kitovu changu. Mwenzangu ninayekaa naye hapa, Elia, alikosea kukupigia simu wakati bado natetemeka. Alichokwambia ni kweli, ila alikwambia nusu. Naandika kwa sababu kwenye simu utalia, nami nitashindwa kumaliza.

Mashine huitoa damu mkononi kwa mrija, huipitisha kwenye chujio, kisha huirudisha. Ndani ya chujio mna nyuzi za plastiki zenye uwazi katikati, na humo damu huacha uchafu ambao figo zangu haziwezi tena kuutoa. Siku ile Elia alipokupigia, waliniwekea chujio la aina nyingine. Damu ilipoanza tu kurudi mwilini, kifua kikabana, mgongo ukauma, ngozi ikawasha kila mahali. Niliogopa sana, mama, sikufichi. Nilikuita.

Nesi alifunga mirija palepale, akanipa oksijeni na kunichoma sindano. Nilipoweza kusema nikamwuliza, "Dada, mbona hunirudishii damu yangu?"

"Nikikurudishia, kaka, nakurudishia na kilichokudhuru. Tuiache."

"Kwa hiyo imeharibika?"

"Haijaharibika. Damu ya kila mtu inajua kwamba plastiki ni kitu kigeni. Ya wengi hunung'unika tu ikazoea. Yako imegombana nayo."

Nilicheka kidogo, kwa sababu nilijua hiyo tabia nimeirithi kwa nani.

Damu yenyewe ilikuwa kiasi cha kikombe cha chai. Nimeuliza kwa niaba yako ilikokwenda. Haikumwagwa njiani wala hakuna aliyeichukua. Iliteketezwa pamoja na chujio kwenye tanuri la hospitali. Hakuna cha kuleta nyumbani, na najua hilo litakuuma.

Wamenibadilishia chujio. Sasa wanaliosha kwa maji ya chumvi muda mrefu kabla ya kuniunga, wanaanza taratibu, na nesi hakai mbali. Nimeshaingia tena mashineni, na damu ikatulia.

Mama, sijawahi kukukatalia jambo. Hili nakukatalia. Nikirudi bila mashine, utakachozika hakitakuwa kikombe cha damu. Utanizika mimi, kama ulivyomzika baba, naye hakupata hata nafasi ya kuijaribu mashine. Nataka kuishi, mama. Usiniite nyumbani kwa sasa.

Msalimie mjomba anayetuangalizia mbuzi, na mama mkubwa aliyeniombea kanisani. Neema asiache shule kwa ajili yangu.

Nina ombi moja. Nikiwa mashineni nasikia baridi sana, hata jua likiwa kali nje. Nitumie lile blanketi la baba kwa kondakta wa basi la asubuhi, Elia atalipokea. Huna haja ya kuniambia neno. Nikiliona tu, nitajua umenikubalia.

Mwanao,
Danieli