Mtaro Niliouchimba Mwenyewe

Jumatano, mwezi wa kumi. Jua limeamka na hasira. Wingu hakuna hata la kumfunika kuku.

Adela, kama unasoma hapa, basi miguu yako imekumbuka njia. Tangu tuvune mahindi hujakanyaga Heru Juu. Kitahana unakoishi si Ulaya, mwanangu. Malori yanatoka Kibondo kuja Kasulu yamebeba mihogo, yamebeba mbuzi, yashindwe kukubeba wewe? Usinijibu. Vuta kigoda usome. Daftari lipo pale pale chini ya ungo, na nilikwambia zamani kwamba lile nisiloweza kukutamkia usoni nitaliandika humu. Mimi darasani sijakaa hata siku moja. Herufi hizi nilizipata kisomoni pale kanisani, wewe ukiwa mgongoni unanivuta nywele, kwa hiyo usinisahihishe.

Leo nina jambo baya.

Kisima kinakufa.

Ulipokuwa msichana ulikuwa unazamisha ndoo mara moja tu, inajaa. Sasa tunachota kwa kikombe. Tunapanga ndoo alfajiri, zamu ikikufikia jua liko utosini, na unachopata nusu yake ni tope. Huu ni mwaka wa tatu mvua za kwanza zinatudanganya. Zinanyesha wiki moja, tunapanda, zinaondoka kama mgeni aliyesahau kitu. Redio ya jirani inasema hali ya hewa inageuka dunia nzima. Mimi dunia nzima siijui, naijua Heru Juu. Na najua kwamba mwaka ule nina mimba yako mihogo ilikauka ikiwa ardhini, lakini kisima hiki hakikupungua.

Safari hii kimepungua, na sababu naijua.

Mwaka juzi maharage yalipoungua huku mlimani, nilishuka bondeni, kule kwenye mafunjo, juu kidogo ya kisima. Nilifyeka mafunjo. Nilichimba mtaro wa kunifika kiunoni, peke yangu, na mgongo huu unaoujua, nikayapitisha maji pembeni mpaka mtoni. Udongo ukakauka, nikapanda. Maharage yalitoka, Adela! Uliyala mwenyewe ukaomba mengine ya kubeba. Wanawake walikuja kutazama, wakaniita fundi, nami kichwa kikavimba. Mama Yozefu akachimba mtaro wake akauingiza kwenye wangu. Mkwe wake naye akachimba. Sasa mitaro ni mitatu.

Nilijiona nimeushinda ukame.

Kuna mtu humjui. Anaitwa Konsolata. Alikuja kutoka Burundi na mtoto mgongoni. Wenzake wakapelekwa kambini, yeye akabaki hapa akifanya vibarua kwenye mashamba ya watu. Nimempa kibanda chako cha zamani, kile cha nyuma ya migomba. Usinune. Mtoto wake analala kwenye kitanda chako na anakikojolea kama ulivyokuwa unakikojolea wewe. Kirundi chake na Kiha changu ni ndugu, tunaelewana hata tukigombana, na tunagombana kweli, maana ugali wake ni laini kama uji wa mgonjwa.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunapalilia kule bondeni. Akaingia ndani ya mtaro, maji yanampita vifundoni, akainama akayachota kwa kiganja.

"Mukecuru," akasema. Ndivyo wao wanavyomwita bibi kwa heshima. "Haya maji yanakwenda wapi?"

"Mtoni. Ulitaka yaende sokoni?"

"Kwetu tulifanya hivi hivi. Tulikausha bonde tukapanda viazi. Mwaka wa tatu tukawa tunafuata maji kilima cha pili."

Nikamwambia apalilie, hapa si kwao.

Lakini nilikuwa nimeona. Yale mafunjo yalikuwa kama godoro. Mvua ikinyesha yanainywa yote, kiangazi yanaiachia kidogo kidogo kule chini, kisimani. Godoro lile nimelichana mimi kwa jembe langu. Maji ambayo yangetufikisha mwezi wa kumi na moja yanakimbilia mtoni mchana kutwa, na sisi tunapigania kikombe. Niliona yote hayo nimesimama pale pale. Nikainama nikaendelea kupalilia.

Dhambi yangu inaanzia hapo, si kwenye kuchimba. Nilipochimba sikujua.

Ikafika Ijumaa iliyopita. Konsolata alikuwa kwenye zamu yake kisimani, nami niko kwenye foleni, Mama Yozefu akaweka mguu mbele ya ndoo yake.

"Wewe mgeni, kaa pembeni. Wenye kisima hatujachota."

"Nimepanga tangu alfajiri, mama."

"Tangu mje ninyi ndiyo maji yameisha. Mnakunywa kama ng'ombe!"

"Afadhali ng'ombe," akadakia mwingine, "ng'ombe akinywa unakamua. Huyu utamkamua nini?"

Wakacheka. Mtu mmoja akaipiga teke ile ndoo. Alikuwa ameshachota maji ya robo ndoo tu, vumbi likayanywa kabla hatujapepesa macho. Mtoto mgongoni naye akacheka, alidhani ni mchezo.

Konsolata akanitazama. Alikuwa na neno moja tu la kusema: mtaro. Angelisema, vicheko vyote vingegeuka na kuniangukia mimi. Hakulisema. Aliokota ndoo yake akapanda mlima.

Nami nilinyamaza.

Mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana mpaka Titye! Nilichota maji yangu, nikayapikia maharage ya bondeni, nikala nikashiba. Ndiyo, nilikula. Usidhani mama yako ni malaika.

Jumapili baada ya ibada mwenyekiti wa kitongoji alitukusanya nje ya kanisa. Akasema watu wamelalamika, maji hayatoshi, basi huyu mama wa Burundi apelekwe kambini kwa wenzake, huko kuna maji ya bomba. Watu wakaitikia. Konsolata alisimama nyuma kabisa, amemfunga mtoto kwa kitenge, na furushi lake liko miguuni. Alikuwa amelifunga tayari. Furushi lile ndilo lililoniinua.

Nikasema, "Maji hayajaisha kwa sababu ya Konsolata. Nimeyamaliza mimi." Nikawaeleza mtaro wote, kutoka mwanzo, na jinsi nilivyojua nikanyamaza.

Mama Yozefu akapiga makofi. "Bibi, jua limekuingia kichwani."

"Wewe yamekuingia maharage machoni, ndiyo maana huoni. Na wewe mtaro wako unamwaga humo humo."

"Kwa hiyo Ijumaa tumemtukana mtu bure?" akauliza mzee mmoja.

"Si bure. Mlikuwa mnanisaidia kujificha."

Mwenyekiti akakuna kichwa, akatoa hukumu ambayo mpaka sasa inanichoma. Nifukie mtaro wangu. Tukutane tena kisimani Jumapili hii inayokuja. Maji yakiwa yamepanda, Konsolata anabaki. Yasipopanda, anaondoka.

Siku saba! Bonde nimelikausha miaka miwili, wao wanataka lipone kwa siku saba, tena bila mvua. Nikamwambia hivyo. Akasema yeye ameshasema.

Jumatatu tulianza kufukia, mimi na Konsolata. Tulijaza magunia udongo, tukaweka vigogo vya migomba, tukashindilia kwa miguu. Maharage yalikuwa yametoa maua, Adela, meupe, shamba zima. Hayo ndiyo yangekuwa chakula chetu mpaka mwezi wa pili. Jana asubuhi maji yalikuwa yameshaingia kwenye matuta, na leo majani ya chini yamegeuka manjano. Nilitembea katikati yake nikiyaomba msamaha kama mjinga. Konsolata akasema tupande mafunjo upya kwenye kingo, akaanza kung'oa vichipukizi kule ukingoni bila kusubiri ruhusa yangu. Huyo mwanamke ana kiburi. Nampenda.

Kisimani, kwenye lile jiwe la kushoto, nilikwaruza alama kwa msumari siku ya Jumatatu, pale maji yalipoishia. Leo nimekwenda kuangalia mara tatu. Mimi naona yamepanda nusu ya ukucha. Konsolata anasema yako pale pale. Tumebishana mpaka waliokuwa kwenye foleni wametufukuza.

Labda yeye anaona sawasawa. Labda macho yangu yanataka mno.

Mitaro miwili bado iko wazi, inapita kwenye kipande cha chini cha wangu ambacho wenyewe hawajaniruhusu nikizibe. Nilikwenda kwa Mama Yozefu jioni ya jana, hakunikaribisha kukaa. Aliniuliza watoto wake watakula nini, na sikumlaumu, kwa sababu wiki mbili zilizopita mimi ndiye niliyekuwa yeye. Nikamwambia achukue nusu ya shamba langu la mihogo la huku juu, alichimbe msimu huu wote, ila mtaro wake aufukie kabla ya Jumapili. Akasema atafikiri. Leo nimepita bondeni nikatazama. Ulikuwa bado unamwaga.

Ndiyo, shamba lile ni lile ulilotegemea nikupe wewe. Ukitaka kugomba, tutagomba.

Najiuliza jambo moja tangu asubuhi. Kama ningesema Ijumaa ile, kabla ndoo haijapigwa teke, kabla watu hawajaonja utamu wa kumpata wa kumlaumu, je, wangenisikiliza vizuri zaidi? Nadhani ndiyo. Siku mbili tu nilizonyamaza, na huenda mtu mwingine ndiye atakayezilipa.

Furushi lake hajalifungua. Lipo mlangoni pa kibanda, kila nikipita naliona.

Sasa sikiliza. Ukija mara nyingine usiniletee sukari, na usianzie nyumbani kunisalimia. Pitia bondeni, jembe begani, kazi ipo. Shuka kisimani, inama kwenye jiwe la kushoto, tafuta alama yangu ya msumari, uweke kidole, ndipo uje uniambie maji yameishia wapi. Useme ukweli, si unavyodhani nataka kusikia.

Na ukimkuta Konsolata kwenye foleni, simama nyuma yake.