Tunzo ya Wimbo wa Saba

Mdogo wangu Zuwena,

Nimekaa kukuandikia, nikainuka kufunga dirisha, nikakaa, nikainuka tena kulifungua. Mama ameshaniambia nitulie au nirudi kwangu nikahangaikie huko. Ningekupigia simu, lakini simu zangu unazijibu kwa picha za maua siku ya Idi, na jambo hili haliingii kwenye picha ya ua. Ndiyo maana naandika waziwazi, asome atakaye. Siri yenyewe, kama utakavyoona, ilishatoka nje zamani.

Baba anapoteza usikivu. Sikio la kulia limeshakwenda. La kushoto, daktari anasema, linafuata, na hakutaka kusema litafuata kwa mwendo gani. Kapewa kifaa cha kusikilizia na kifaa kimo ndani ya kiboksi chake, juu ya friji. "Kinanigeuzia piano kuwa sinia la bati," anasema, na mjadala umekwisha. Tangu siku ile hakai mahali. Anahamisha spika kutoka ukuta huu kwenda ule, anarudisha, anafungua kabati la santuri, anafunga. Na ameanza tena Ijumaa zetu.

Unazikumbuka, najua unazikumbuka. Tukishakula wali na Mama akishaleta halwa, Baba alikuwa anafuta santuri kwa kitambaa kile ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Nyimbo saba za Kiingereza, sauti moja na piano, zote za nyumba moja: mlango wake, kisima chake, ngazi, dirisha la jikoni, mpaka ule wa saba ambapo mwenye nyumba anasimama getini kuaga. Alizijua akiwa mwanafunzi Uingereza, kwa mama mmoja aliyempangisha chumba na aliyekuwa na gramafoni sebuleni. Lakini sikio alilokwenda nalo huko lilikuwa la Unguja, la kijana aliyepiga fidla kwenye taarabu, na kwa sikio hilohilo akawasikiliza Waingereza. Aliwahurumia sana. "Masikini, wanakaa kimya kama wamo kwenye khutba," alituambia. "Mtu kaguswa, hajui pa kuinukia."

Basi sisi tukainuka kwa niaba yao. Kwao Unguja mtu akiguswa na ubeti huinuka, akaenda mpaka mbele, akamtunza mwimbaji kwa kumtia pesa mkononi. Nyumbani kwetu Al Khuwair, hapa Maskati, tulitunza kwa asumini ya mti wa getini. Kila mmoja na ua lake moja, na ua moja tu, kwa hiyo ilikuwa lazima uchague mmoja kati ya waimbaji watatu wa nyimbo hizohizo. Yupo yule mzee ambaye santuri yake ilikwaruza kama vitunguu vinakaangwa. Yupo yule mama wa sauti kubwa. Na yupo yule kijana aliyeimba kana kwamba teksi inamsubiri nje. Nyimbo sita za mwanzo mlizisikiliza kwa adabu, wewe na Baba. Ugomvi wenu ulikuwa juu ya wimbo wa saba, pale kabla ya neno la mwisho, ambapo piano inanyamaza na mwimbaji anavuta pumzi.

"Huyu bado kashika geti," Baba alikuwa anasema. "Mtu hajaondoka mpaka aachie. Pumzi hiyo ni ya mkono, si ya kifua."

"Keshaondoka, Baba! Yuko njiani. Anaimba na hageuki."

Ulikuwa hujafika hata begani kwake, na ulikuwa unambishia kama wakili. Mimi nilimtunza yeyote aliyemaliza mapema, nikarudi kwenye halwa. Ulinicheka: "Dada hana sikio." Ni kweli, na sijawahi kuona aibu.

Yaliyofuata unayajua, lakini acha niyaseme kama nilivyoyaona mimi niliyekuwa nimekaa katikati yenu. Ulikwenda ng'ambo kusomea uimbaji na Baba alijisifu kwa kila mtu, mpaka kwenye foleni ya mkate. Ukarudi likizo, ukasema sasa utaimba jukwaani, ndiyo kazi yako. Akaweka kijiko chini.

"Nyumbani imba mpaka koo likauke. Mbele za watu, binti yangu, la."

"Basi nyimbo zote hizi, Baba, umenifundisha za nini?"

Akakiinua tena kijiko. Nadhani mpaka leo analitafuta jibu. Nilikupeleka uwanja wa ndege mimi, na tulipofika ulikaa umeshika mkono wa mlango wa gari bila kuufungua, gari za nyuma zinatupigia honi. Nikakwambia, "Yallah, teremka, utachelewa." Ukateremka.

Uliporekodi nyimbo hizo saba ukaniletea sidii, nikampelekea Baba. Akaitazama picha yako juu ya jalada, akasema, "Weka hapo." Nikaiweka kabatini. Baada ya siku chache haikuwepo. Niliamini kaitupa, na nilimkasirikia kwa muda mrefu, ingawa niliendelea kumpikia na kumpeleka hospitali. Hasira ya mtoto kwa mzee wake haina pa kwenda.

Sasa sikiliza. Ijumaa hizi mpya ananitaka nimtafutie waimbaji wengine kwenye simu, kila aliyewahi kuzirekodi. Nimepata chungu nzima. Anakaa na ua lake mkononi, sikio la kushoto limeelemea spika, na hakuna anayepona. Huyu anajisikiliza mwenyewe. Huyu anasoma taarifa ya habari. Huyu hajawahi kuhama nyumba katika maisha yake. Ua linanyauka mkononi. Ijumaa moja nilichoka, nikampigia kelele, maana sasa lazima upige kelele:

"Baba, basi nani anayejua kuimba?"

"Yupo. Nshamsikia."

"Nani?"

"Hebu niletee chai."

Wiki hiyohiyo akaniambia redio ya gari yake inakwaruza. Nikaipeleka gari gereji moja mtaa wa Ghala. Fundi ni kijana wa Tanga, mcheshi. Akafungua mlango, akaweka mkono kwenye spika, akaanza kucheka.

"Dada, huyu mzee anapiga disko humu? Spika zote zimepasuka. Hii ni sauti ya mwisho kabisa, tena siyo ya siku moja."

Akawasha. Zuwena, ilikuwa wewe.

Sauti yako imechanika kwa zile spika, inagonga mabati ya gereji, na mafundi wa gari la pili wakainua vichwa. Wimbo wa saba. Nikataka kusema zima, nisiweze. Ndipo nikaona chini ya kioo cha mbele, juu ya dashibodi, kumejaa asumini. Nyingine mbichi za asubuhi ile, nyingine zimekauka zimekuwa rangi ya chai. Fundi akachukua kitambaa apanguse, nikampigia ukelele wa "Usiguse!" mpaka nikajishtua mwenyewe.

Halafu piano ikanyamaza, ukavuta ile pumzi. Mimi nisiye na sikio nimeisikia. Uliyembishia Baba miaka yote kwamba keshaondoka, kumbe ulipouimba mwenyewe ulikuwa umeshika geti. Hukuachia. Nililia pale katikati ya matairi, na yule kijana wa watu akanipa kitambaa chenye mafuta, sina kingine cha kusema juu ya hilo.

Nilirudi kwa Mama nikidhani namletea habari.

"Kumbe wewe ulikuwa hujui?" akaniambia, mkono haukuacha kuchambua mchele. "Kila alasiri anasema anakwenda kutia petroli. Petroli gani kila siku? Anakwenda kuegesha Qurum, pale ufukweni, vioo kafunga, ati hasikiki. Watu wanatembea na watoto wao, wanasimama. Mke wa jirani kaniuliza huyo binti anayeimba ni nani. Nkamwambia wangu."

"Na Baba hukumwambia?"

"Nimwambie, aone haya, aache? Mwache. Hiyo ndiyo dawa yake."

Basi ndiyo hali yetu. Kila sikio linavyopungua, sauti ya gari inapanda, na mtu pekee asiyejua kwamba tunajua ni yeye. Spika nimebadilisha, nimemwambia fundi aweke kubwa kuliko zote. Nacheka nikifikiria, kisha nakatisha kicheko, kwa sababu itafika alasiri atakayowasha, akapandisha mpaka mwisho, akasikia kimya. Sijui ni lini. Nikiona anatoka na funguo nasimama dirishani mpaka arudi, na akirudi namtazama uso kabla hajavua viatu.

Nimewakasirikia nyote wawili, nakwambia ukweli. Mnafanana kama pande mbili za mkate. Yeye hawezi kukwambia njoo, na wewe huwezi kuja bila kuambiwa, na mimi nimekaa katikati kama zamani, tofauti ni kwamba halwa siigusi tena.

Ijumaa iliyopita nilijaribu. Nilizima spika, nikakaa upande wake unaosikia. "Baba, Zuwena akija, utamsikiliza?" Akawa anazungusha ua vidoleni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mitambo:

"Rekodi haichukui pumzi yote. Pumzi yataka mtu awepo chumbani."

Akainuka, akachukua funguo, akaenda kutia petroli.

Mimi sina sikio, lakini hilo nimelielewa, na wewe unalielewa kunishinda. Alitufundisha mwenyewe kwamba mwimbaji hutunzwa mkononi. Dashibodi si mkono, mdogo wangu, na maua yako yanaungua na jua la Maskati. Njoo uyachukue. Usimletee jibu wala msamaha, wala usimuulize lolote. Utamkuta sebuleni, ameelemea spika. Simama upande wa kushoto.

Nitakuwa pale pale uwanja wa ndege, wanapopokelea wageni, na safari hii nitafungua mlango wa gari mimi.

Dada yako