Kadi ya Pili

Mdogo wangu,

Jumanne saa nne asubuhi nilipoteza karakana yangu ya kushona mapazia. Watu wa mamlaka ya kodi wameifunga kwa kufuli lao. Mama hajambo, goti limeanza kukunjika, anakusalimu.

Afisa wao alinitandikia mezani matumizi yote ya kadi ya ile akaunti uliyonifungulia benki ya ng'ambo. "Dada, unatuandikia faida kiduchu. Fedha hizi zinatoka wapi?" Malipo kumi na tisa ni ya hospitali, goti la Mama. Hayo nimeyakiri, na fedha ulizituma wewe, sijasahau. Lakini thelathini na mawili ni ya hoteli na maduka ya vito, katika mji nisioujua hata kwa picha. Akaniuliza, "Huko ulikwenda kwa kupaa?"

Kadi yangu haijatoka nchini. Akaunti ina jina langu peke yake, kwa sababu ulinisainisha fomu nikiwa na pini mdomoni, nikaweka sahihi bila kusoma.

Sijakutaja. Afisa anataka jina la aliyelipa huko, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Sitaki pole wala maelezo. Nijibu kabla ya saa hiyo: unayo kadi ya pili, ndiyo au hapana?

Dada yako