Kengele Iliyofungwa Kitambaa

Bujumbura
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Kuna mlio mmoja umekaa kichwani mwangu na hautoki. Ni wa kengele ya shule yetu, ambayo siku za mwisho ilikuwa inalia kama mchi unaotwanga kwenye nyumba ya jirani: du, du, du. Huo ndio ulionifanya nishike kalamu badala ya simu, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Goti lako linaendeleaje? Na ukuta wa uani, bado unalowa mvua ikinyesha, au fundi alirudi? Nauliza kwa sababu nikishikwa na hofu huwa nawaza ukuta ule, sijui kwa nini. Mimi mwili ni mzima. Najua huko Ujiji umeshawatangazia majirani sherehe yangu ya kuvalishwa nyota ya uafisa, na kwamba wewe na Bibi mmeshaulizia basi. Tafadhali soma barua hii yote kabla hujamjibu mtu yeyote.

Unakumbuka mwaka wa kwanza nilikuandikia kutoka Ruziba, shule ikiwa ukingoni mwa ziwa. Ziwa likapanda. Kwanza lilikuja uwanjani, tukawa tunafanya gwaride viatu vikichapa maji, tunacheka. Likaingia jikoni. Likafunika gati. Ndipo malori yakaja kutuhamishia hapa mjini, kwenye ghorofa za juu za jengo la ofisi. Sisi tunaosomea uafisa wa majini tunapanda ngazi kwenda darasani, tukipishana na makarani wenye mafaili. Ukitaka kuliona ziwa lazima usimame juu ya tangi la maji kule paani, na huko tumekatazwa.

Kule Ruziba palikuwa na desturi ambayo sikuwahi kukusimulia, kwa kuwa ungekosa usingizi. Kabla ya kuvalishwa nyota, kila mwanafunzi aliingia peke yake kwenye kiboti cha makasia alfajiri ya ukungu. Boti kubwa ilimvuta mbali, ikamzungusha hadi asijue nchi kavu iko upande gani, ikamwacha. Hakupewa dira wala simu. Hakuruhusiwa kupiga kelele. Alirudi kwa kuifuata kengele iliyopigwa gatini, na mpigaji alimchagua mwenyewe. Mpigaji naye alikuwa na sharti moja: asiache kupiga mpaka kiboti kiguse gati.

Irakoze, dada aliyekuwa mwaka wa mbele yangu, alinichagua mimi. Sikujua sababu, hatukuwa hata marafiki, na alikuwa akinitania kwamba Kiswahili changu ni cha redio. Nilipiga kengele ile hadi bega likafa ganzi, Mama. Mbele yangu palikuwa peupe tupu. Mkono wa kulia ukachoka, nikabadilisha, wa kushoto ukachoka, nikarudia wa kulia. Nilianza kuamini kwamba nampigia mtu aliyekwisha kuzama. Kisha nikasikia kasia.

Alipanda gatini makasia yakiwa bado mkononi. Akaniambia, "Nilikuwa nishapotea, we. Nilitaka kuacha makasia. Halafu nikasikia kengele inachoka. Nikasema, hii si mashine, iko mutu kule anateseka juu yangu."

"Na kwa nini mimi?" nikamuuliza.

"Juu ya kichwa yako ngumu. Wengine wangeacha, waende kunywa chai."

Tulipohamia mjini, kengele ilikuja nasi ikatundikwa kwenye ukumbi wa ngazi. Watu wa ofisi za chini wakalalamika kwamba inawapasua vichwa, basi ulimi wake ukafungwa kitambaa. Ikawa inapigwa kutuita kula maharage. Na lile jaribio la ukungu limefutwa, kwani gati hatuna na ziwa lenyewe tunalifikia kwa lori. Badala yake tunakaa mbele ya kompyuta, kiboti kidogo kinaonekana kwenye kioo, na sauti ya kengele inatoka kwenye spika, sawasawa, bila kuchoka. Mimi nilipata alama za juu kuliko wote. Wenzangu walinibeba mabegani wakiimba, mmoja akapaza sauti, "Mupeni ziwa yake aende nayo nyumbani, iko mu ordinateri!" Ndivyo wanavyoiita kompyuta, nami nilicheka nao. Nilipobaki peke yangu nikagundua kwamba mikono yangu ni mikavu kabisa.

Hofu ilianzia hapo. Baada ya sherehe ningepewa boti ya doria upande wa kusini, na ndani yake mabaharia, na kila mmoja ana mama yake kama mimi nilivyo na wewe. Ukungu ungeshuka, wangenitazama mimi. Ningewaonyesha nini, Mama? Alama? Sili vizuri. Nikifumba macho nakiona kiboti cha kwenye kioo kinageuka kwa utii kila ninapobonyeza, nami sikiamini.

Nilimwendea Komanda, mkuu wa shule, nikamwomba niruhusiwe kulifanya jaribio lile la zamani. Si mtu mbaya. Aliinuka akafunga mlango.

"Zainabu, mi nilienda mu ukungu ile mara mbili. Mara ya kwanza walikuja kunitafuta." Akarudi kitini. "Lakini apana. Gati iko chini ya maji. Ukizama, mama yako nitamwambia nini? Kwamba ilikuwa desturi?"

Alisema kweli. Mwanafunzi siku hizi haruhusiwi kwenda majini peke yake. Afisa naye hapelekwi kujaribiwa, anapewa watu tu. Anayepiga kasia kila alfajiri ni baharia wa kawaida. Nilitoka pale nikiwa nimeyashika mambo hayo matatu.

Shangazi nilimweleza juzi, sokoni kwake Jabe. Alikuwa amenipimia kitenge cha sherehe, sawa na chake. Aliweka mkasi chini. "Eh, we mutoto! Ndugu yangu angekuwa hai angekupiga. Nyota wanakuletea mu sahani, we unasema haina chumvi?" Kisha akanilisha wali mpaka nikashindwa, na hakuongea nami tena hadi naondoka. Nadhani hasira zake zitapoa. Zako sizijui, na hizo ndizo zinazoniogopesha kuliko ukungu.

Mpe Bibi shikamoo zangu, umwambie nimesikia kwamba amejipaka hina mapema kwa ajili ya safari, na anisamehe. Msalimu Mjomba wa kiwanda cha mawese. Mdogo wangu Rehema asome, asitumie habari hii kuacha shule. Na jirani yetu wa mlango wa bluu, aliyekushonea gauni, mwambie gauni halitaoza.

Mama, msipande basi. Ijumaa nilirudisha ghalani sare nyeupe, vifungo vyake vyote vikiwa mahali pake, na Komanda amelifuta jina langu kwenye orodha ya sherehe kama nilivyomwomba. Nitavaa nyota pamoja na darasa lijalo, kama nitastahili. Jana nilihamia kituo cha boti anakofanya kazi Irakoze, na hapa mimi ni baharia wa kawaida. Komanda aliposaini karatasi yangu hakuinua macho, alisema tu, "Na kengele iyo, upeleke. Hapa tutapiga filimbi." Nimeileta. Imetundikwa gatini kwetu, na kitambaa nimekifungua kwa mikono yangu. Sasa tunasubiri ukungu, na mpigaji nimeshamchagua.

Mwanao anayekuheshimu,
Zainabu