Mlio wa Difu ya Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Tumepata mjukuu! Wa kike. Binti yetu kajifungua salama asubuhi, nami nimeshona mkono wa kushoto wa gauni la mteja mahali pa kulia. Nimefumua huku nacheka peke yangu.

Jumamosi twende tukamwone. Mwendo wa saa sita, nusu yake milima, kwa gari letu kubwa lenye miaka ishirini na mbili.

Ila — jioni, tukitoka sokoni, nikasikia mlio nyuma. Iiiiii. Mwembamba, kama cherehani inayoomba mafuta. Mume wangu akikanyaga unapanda, akiachia unashuka. Nikamwambia. Hasikii kitu, kasema. Miaka thelathini kaendesha malori, leo fundi cherehani amfundishe gari?

Jumanne, 4 Machi

Nimechukua ufunguo, nikaenda mwenyewe gereji ya kona. Fundi tunamwita Bwana Pole, maana hukupa pole kwanza ndipo akutajie ugonjwa.

Kaliinua gari kwa jeki, kafungua difu — lile boga la chuma katikati ya ekseli ya nyuma — akamwaga oili. Inametameta! Kachovya sumaku, ikatoka na manyoya ya chuma.

"Pole, mama," kasema. Beringi inakufa. Tukipanda nayo milima itakula meno ya difu, na tairi za nyuma zinaweza kugoma kwenye mteremko.

Niliogopa. Lakini kusema kweli nilifurahi pia. Sikio langu lilisema kweli.

Nyumbani mume wangu kasema fundi huyo anajitafutia kazi. Alikuwa amenipa mgongo, anafunga kamba za viatu. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akaendelea na kamba zake. Mwaka mzima sasa ndivyo tulivyo: nasema na mgongo wake, na mgongo haujibu. Nimemnunia hadi nalala.

Jumatano, 5 Machi

Niandike polepole.

Bwana Pole alitia oili mpya, akasema tukalijaribu gari wote watatu. Mume wangu kwenye usukani, mimi kando yake, fundi nyuma. Barabara ya kiwanda imenyooka. Mwendo wa sitini — iiiiii! Fundi kaniangalia kwenye kioo. Mimi nimeziba masikio. Mume wangu anaendesha raha mustarehe. "Mnaona? Kimya."

Hakuwa anabisha. Nilimtazama usoni. Hakuwa anabisha hata kidogo.

Gerejini fundi akammwagia mume wangu vile vipande vya chuma kiganjani. Kavisugua kwa dole gumba, muda mrefu. Dereva hawezi kubishana na chuma. "Fungua," kasema.

Alipokwenda kunawa, Bwana Pole akanivuta pembeni. Pole tena. Baba yake yeye fundi naye alikuwa dereva wa lori. Sauti nzito alizisikia hadi mwisho. Nyembamba ziliondoka moja moja, za wanawake na watoto kwanza. Akaniuliza, mzee hivi tangu lini?

Nami sauti yangu nyembamba kama uzi!

Kwa hiyo mwaka mzima... Hajanichoka. Hanisikii! Nimerudi nyumbani nusu natembea nusu naruka, kisha nikakaa kwenye mashine nikalia. Nimemnunia bure mtu wa watu.

Alhamisi, 6 Machi

Beringi imepatikana. Sijamwambia. Nimezunguka mara tatu kusema naye uso kwa uso. Mara zote tatu kanijibu! Kaniuliza mbona nacheka.

Ijumaa, 7 Machi

Difu imefungwa. Barabara ya kiwanda, sitini, themanini — kimya kitamu. Bwana Pole katupa pole kwa mazoea. Mume wangu kasema gari ni lile lile tu. Moyo ukanikatika.

Jumamosi, 8 Machi

Tumesimama juu ya mlima wa mwisho, gari lipoe. Naandikia gotini.

Nimemwambia. Nilishika uso wake kwa mikono miwili, nikasema yote, polepole. Mlio, baba yake fundi, mwaka wangu wa kununa. Alishuka, akaenda kukagua tairi ambazo hazina shida.

Aliporudi simu yake ikalia kwenye dashibodi, nikamwonyesha. Akaiweka sikioni. Mimi huku niliko nasikia: mjukuu wetu, analia kwa nguvu zote, binti yetu anacheka nyuma yake. Mume wangu kaikandamiza simu, kafumba macho. Kabadilisha sikio.

"Mtandao mbovu," kasema. Hakukata.

Kisha kanigeukia. "Ni mtoto?"

Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Analia?"

Analia.

Kaiweka simu katikati yetu, mkono wake juu ya goti langu. "Analia vipi?"

Nimefungua mdomo nimwigizie, na sauti nimeishusha iwe nzito kama lori, ili aisikie.